Damu ya Mama, Damu ya Hosana

Punda akilowa ana harufu yake mwenyewe. Si ya ng'ombe wala ya mbuzi. Ni harufu ya gunia lililokunjwa likiwa bado bichi, ikichanganyika na jasho lenye utamu kidogo, kama la mtoto aliyetoka usingizini. Juzi niliipata Masasi mjini, nyuma ya soko, mwanamume mmoja akimmwagia maji punda wake wa mkokoteni. Nilikuwa na mfuko wa nyanya mkononi, nikasimama. Yule bwana akadhani nataka kumkodi, akaniuliza, "Mzigo unakwenda wapi, Mama?" Nilikuwa nimesharudi Mnyambe, kijiji chetu cha mlimani, uani kwetu, kwenye mchanga mwekundu, na mama yangu alikuwa kijana kuliko nilivyo mimi leo.

Wenzangu mliokulia mlimani nyakati zile hamhitaji kusimuliwa habari za maji. Kwetu mvua ilinyesha kwa kishindo, lakini mchanga uliinywa yote. Ukitoka nje baadaye unaikuta ardhi kavu, unajiuliza kama ulikuwa unaota. Hatukuwa na mto wala chemchemi. Maji yalikuwa bondeni. Ukisimama pale ukingoni, mikorosho ikiwa imeishia nyuma yako, unaiona nchi yote imelala chini mpaka Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake, imetulia, rangi ya moshi. Humo ndani, chini kabisa ya miguu yako, ndimo kilimokuwa kisima, kwenye kichaka kizito kisichopitisha jua. Wanawake waliteremka asubuhi kungali na baridi, wakapanda jua likiwa limeshawaka, kila mmoja na ndoo yake kichwani, shingo zimenyooka, hawasemi. Ule mlima haukuwa na nafasi ya maneno.

Mama alikuwa na upara mdogo wa mviringo utosini, pale ngata ya kubebea ndoo ilipokaa miaka yote. Mimi nilidhani wanawake huzaliwa nao. Nilikuwa nikijipapasa kichwani kila siku kuangalia kama wangu umeanza kutoka.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili alisoma masomo kanisani kwetu, kanisa lile la Kianglikana lililojengwa na babu zao kina Bibi. Hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya darasa. Mwaka mmoja alikwenda Dodoma kwenye semina ya walimu, na Mama akamwagiza kitenge. Tukakaa kumsubiri. Siku ya kurudi tukasikia lori linanguruma barabarani, likasimama mbele ya nyumba yetu, jambo ambalo halikuwa limetokea kamwe. Baba akashuka kwa dereva, akazunguka nyuma, akafungua mlango wa bodi, na wakishirikiana na utingo wakateremsha kwenye ubao mnyama wa rangi ya majivu, mwenye masikio marefu kama majani ya mgomba machanga, anatetemeka miguu yote.

Mama akamtazama yule mnyama. Akamtazama Baba. "Baba Hilda," akasema, "mimi nilikuagiza kitenge."

"Kitenge kitakuja," Baba akajibu. "Kwa leo nimekuletea kichwa cha pili."

Kijiji kizima kilijaa uani. Hatukuwahi kuona punda. Tulimjua kutoka kwenye picha iliyobandikwa kwenye ukuta wa chumba cha watoto kanisani, ile ya Jumapili ya Matawi, na kwa hiyo sisi watoto tulipomwona tulifanya jambo pekee tulilojua kumfanyia punda. Tukapiga kelele, "Hosana! Hosana!" Jina likamkaa. Bibi, mama yake Mama, alisogea taratibu, akagusa ule mstari mweusi unaopita mgongoni mwake na ule mwingine unaoukata mabegani, akauvuta mkono wake kana kwamba umeungua. "Ana msalaba," akasema. Baba alijaribu kueleza kuwa punda wengi wako hivyo, lakini nani angemsikiliza? Tulikuwa tumeletewa mnyama mwenye msalaba mgongoni, na aliyetuletea ni yeye huyo Mwalimu asiyependa makuu.

Maisha ya Mama yakabadilika mpaka nikamshangaa. Baba alishona magunia mawili yakaunganishwa, yakawekwa juu ya mgongo wa Hosana, kila upande dumu zimepangwa. Mama akawa anateremka na kupanda akiwa mikono mitupu, nyuma ya punda, ameshika kijiti chenye majani cha kumpepea nzi. Alizungumza naye Kimakonde njia nzima, akimweleza habari za watu. Mchana, muda ambao zamani alikuwa akijilaza hoi, sasa alikaa barazani. Alirudi kwenye kwaya. Alijifunza kufuma vitambaa vya meza. Nywele zikaanza kuota utosini, laini kama za mtoto mchanga, nikawa naruhusiwa kuzigusa.

Nami kwa akili yangu nikajua kilichotokea. Ule uzito ulihama. Ulitoka kichwani kwa Mama ukaingia mgongoni kwa Hosana, mahali pale penye msalaba, na msalaba uliwekwa pale kwa kazi hiyo.

Likizo nilikuwa nikifuatana nao. Hapo kisimani palikuwa na mbung'o. Wengi wenu mnamjua: si kama nzi wa jikoni, yeye akitua hukunja mbawa zake moja juu ya nyingine kama mikasi iliyofungwa, na hasikii nguo, anauma hivyo hivyo. Wanawake walizoea kujipiga mapajani wakichota. Kabla ya Hosana walikuwa hawakai sana, lakini Mama sasa ilimbidi ajaze dumu moja baada ya nyingine, azifunge, azisawazishe, na muda wote huo wale nzi walikuwa wakimwandama Hosana tumboni na miguuni, kisha wanamrukia yeye. Siku moja alinionyesha shavu la mguu wake limevimba, jekundu, gumu kama kokwa. "Huyu wa leo alikuwa na hasira," akasema, akacheka.

Kiangazi kilipokolea Hosana akaanza kukonda. Manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi mazito, na chini ya tumbo akavimba, ukibonyeza panabaki shimo la kidole. Akipanda mlima miguu ya nyuma ilimburuzika. Baba akasema apumzishwe. Siku hizo hizo Mama akapata homa. Akaenda zahanati, akapewa dawa za malaria, na kweli malaria haikuwa ngeni kwetu, kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake. Akapata nafuu kidogo, homa ikarudi. Kichwa kikamuuma mpaka akakifunga kwa kanga. Kisha akaanza kulala.

Sikujua kuwa usingizi unaweza kutisha. Alilala akiwa ameshika upawa. Alilala katikati ya sentensi. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo kwa kisamvu, akakata tonge, akalichovya, na mkono ukabaki hapohapo njiani, macho yamefumba, mchuzi unadondoka. Baba akamwita, "Mama Hilda." Akafumbua macho, akatabasamu kama mtu aliyekuwa mbali, akalala tena. Usiku naye alikuwa macho, tukimsikia anaongea na watu waliokufa zamani.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Hosana amechoka, kwa hiyo uzito unamrudia mwenyewe. Nilikuwa nakwenda bandani, nashika lile sikio refu lenye joto, naliambia ndani kabisa, "Chukua tena kidogo. Kidogo tu." Naye alikuwa akiniegemezea kichwa chake chote begani, kizito kama mfuko wa unga, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukibeba. Nikaona kumbe na yeye hawezi. Basi nikatafuta ndoo ndogo ya rangi, nikafunga ngata ya nyasi, nikafuatana na wanawake bondeni, nikiamini nikiupunguza uzito kutoka pande zote mbili, wawili wale watapona. Nilifika nyumbani maji yakiwa nusu, nguo zimelowa, shingo inawaka. Bibi akanipokea ndoo, akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Maneno yakaanza. Jirani yetu Mama Asha, aliyekuwa rafiki wa Mama tangu wote wawili walipoolewa, alikuja akakaa na Bibi jikoni. Nilikuwa nachambua mbaazi, nikayasikia yote.

"Bibi, mimi nasema kwa kumpenda," alisema. "Yule mnyama si wa huku. Wazee wetu walishindwa kufuga punda hapa? Hawakushindwa, waliona. Anamnyonya Mama Hilda. Muuzeni, mfukuzeni, lakini asilale hapa."

Bibi hakumkatalia. Jioni alimwambia Baba, na Baba akajibu kuwa atafikiri, na kwa jinsi alivyosema nilijua na yeye ameanza kuogopa.

Asubuhi iliyofuata alikuja Bi Tausi. Alikuwa mtaalamu wa mifugo kutoka Newala, mama kijana, mwembamba, anaendesha pikipiki amefunga kilemba. Alikuja kuchanja kuku wa kijiji. Baba akamwomba amtazame punda. Alimzunguka Hosana kimya, akambonyeza tumbo, akamfunua kope, akatoa kisindano akamtoboa ncha ya sikio, tone la damu akalipaka juu ya kipande cha kioo.

"Mwalimu, huyu huwa anakwenda wapi?"

"Bondeni. Kuchukua maji."

"Kwenye kile kichaka?"

"Hicho hicho."

"Na anayekwenda naye ni nani?"

"Mama Hilda."

"Yuko wapi nimwulize kidogo?"

Baba akashusha sauti. "Utatusamehe, amelala. Ana homa isiyomwacha. Siku hizi analala mchana kutwa."

"Na usiku?"

"Usiku ndiyo anakesha. Anaongea peke yake."

Bi Tausi alikuwa bado amemshika Hosana sikio. Akaliachia polepole. "Naomba nimwone," akasema.

Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, Mama Hilda." Mama, ambaye maishani hakuwahi kuchelewesha marahaba ya mtu, alimtazama muda mrefu kama anayetafuta jibu kwenye sanduku lenye vitu vingi. "Marahaba," akasema mwishowe, na machozi yakamtoka kwa ile kazi ya kulipata neno. Bi Tausi akamshika nyuma ya shingo, akapapasa kama anayetafuta uvimbe. Akauona ule mguu, kovu la duara.

"Hapa ulipatwa na nini, mama?"

"Mbung'o," Mama akajibu, akalala.

Nje, Bi Tausi alimwambia Baba, "Mimi ni wa wanyama, Mwalimu. Habari za watu wana wenyewe. Lakini ningekuwa wewe, leo hii ningempeleka hospitali, wala nisingengoja jioni. Nami nitakwenda pamoja nanyi na hii damu ya punda."

Padre akatoa gari la kanisa. Mama akalazwa nyuma kwenye godoro, kichwa mapajani kwa Bibi, mimi nimeshika miguu yake. Tukashuka ule mlima wa kona kona kuelekea upande wa Masasi, kwenye hospitali ya misheni, Bi Tausi akitufuata kwa pikipiki katika vumbi letu.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Bi Tausi mpaka mwisho, akachukua kile kioo chake, akamtoa na Mama damu kidoleni, wakaingia wote wawili kwenye chumba cha maabara. Mimi nilisimama mlangoni. Niliwasikia wakisema "wadudu," na "wapo," na tena "wapo." Nikauliza kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Wadudu gani wamo ndani ya Mama?"

Daktari aligeuka. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake alivuta kigoda, akaninyanyua, akaniweka mbele ya hadubini. Ilikuwa karibu na dirisha, ina kioo kidogo chini kinachopokea mwanga wa jua. "Usiguse," akasema. "Fumba jicho moja. Hii kwanza ni damu ya punda wenu."

Niliona mviringo wa mwanga, na ndani yake vitu vya waridi, na kati ya vitu hivyo mstari mmoja wa zambarau, mwembamba, umejipinda kama herufi iliyoandikwa kwa haraka. Umekauka. Hausogei. Kisha akabadilisha kioo. "Na hii ni ya mama, ya sasa hivi."

Mwanzoni niliona duara tu, nyingi mno, rangi ya chai nyepesi, zimelaliana kama shanga zilizomwagwa. Nikasubiri. Pembeni duara moja ikatikisika. Ikasukumwa, ikageuka, jirani yake naye akageuka, kama watu wanaompisha mtu kwenye msongamano, na hapo akatokea. Alikuwa mwangavu, kama kitu kilichotengenezwa kwa maji. Alijikunja na kujinyoosha, akapeperuka kama utepe uliofungwa kwenye kijiti siku ya upepo, akazigonga shanga upande huu na upande ule, hana jicho, hana mguu, hana haraka ya kwenda popote, lakini hatulii hata nukta moja. Nilitazamia mdudu mwenye meno. Huyu alikuwa mzuri. Naomba mnisamehe, sina neno lingine. Alikuwa anamuua mama yangu na alikuwa mzuri, na nilijikuta nashika pumzi nisije nikampuliza.

"Huyu ni yule yule wa kwanza?" nikauliza.

"Kwa macho ni yule yule," Daktari akasema. "Mbung'o alimnyonya punda, akamnyonya mama. Yeye ndiye aliyewapitisha."

"Wao wanajua kwamba wamehama? Kwamba yule alikuwa punda na huyu ni Mama?"

Daktari na Bi Tausi wakatazamana. "Hawajui, mwanangu," Bi Tausi akasema. "Kwao ni damu tu."

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimezaa, na bado sijafika mwisho wa jibu lile. Nilishuka kwenye kigoda dunia ikiwa si ile niliyoipandia. Kumbe nilikuwa nimekosea kuhusu uzito na msalaba, lakini kwamba kuna kitu kimoja kinachopita kati ya Mama na Hosana, hilo nililiona kwa jicho langu, likicheza.

Ugonjwa ule ni malale. Daktari alimtoa Mama maji ya uti wa mgongo, akakuta wadudu wameshaingia kwenye njia ya ubongo. Dawa haikuwepo pale, ikabidi iagizwe mbali, na siku za kuingoja Mama alilala kama jiwe lililo chini ya maji. Ilipofika, Daktari alimwita Baba na Bibi, nami nikiwa nyuma ya kanga ya Bibi.

"Sitawaficha," alisema. "Dawa hii ni kali. Ina sumu ndani yake, na ndiyo inayowafikia wale wadudu kule walikojificha. Wengi wanapona. Wapo ambao mwili hauivumilii. Tusipompa, hatafika mvua za kwanza."

Baba alikuwa anavua miwani na kuivaa. Ndipo sauti ikatoka kitandani, nzito, ya polepole, ya mtu tuliyedhani hayupo. "Nichomeni," Mama akasema. "Msimsumbue Mwalimu. Mwili ni wangu."

Walimchoma kwa bomba la sindano la kioo. Nesi aliniambia dawa ile inakula plastiki. Ilipoingia kwenye mshipa Mama alipiga ukelele uliowafanya wagonjwa wa wodi nzima wakae vitandani. Bibi alimshika kichwa akiimba wimbo wa kanisani, na hakuacha kuimba, sauti ilimkatika akaimba bila sauti. Wakarudia kesho yake, na tena, kisha wakampumzisha, kisha wakaanza upya. Kati ya hapo ziko siku alizotetemeka asitutambue, na Daktari akawa anakaa kando yake kwenye kiti, hatoki, shati limemganda mgongoni. Baba alikwenda akarudi kati ya Mnyambe na hospitali. Mimi nilipika na Bibi kwenye kibanda cha ndugu wa wagonjwa, tukilala chini pamoja na wageni waliokuwa wakituombea bila kutujua jina.

Asubuhi moja nilimpelekea uji. Alikuwa ameketi. Alinitazama kichwani. "Nani amekuacha na nywele hizi?" akauliza.

Nikauweka uji chini.

"Njoo hapa."

Nikakaa sakafuni kati ya magoti yake. Akaanza kunisuka. Mikono ilikuwa haina nguvu, mistari inakwenda kombo, nami nilikuwa nasikiliza vidole vyake. Nilivijua vidole vile vinavyolegea katikati ya kazi. Kila alipotulia kidogo kugawa nywele nilikaza shingo, nikingoja uzito wa mkono kuniangukia begani. Akasuka wa kwanza. Akasuka wa pili. Akafika sikioni, akashuka nyuma, akamaliza kichwa chote, akanipiga kisogoni kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya siku zote. "Nenda kajitazame," akasema. Mstari wa mwisho ulikuwa umepinda mpaka kwenye shavu. Nilikataa kuufumua mpaka ulipofumuka wenyewe.

Baba alikuja siku ile ile, akamwona, akakaa chini kwenye sakafu ya wodi kama mtoto. Alikuwa na jambo jingine, na Bibi alijaribu kumzuia kwa macho, lakini Mama alilisoma.

"Hosana?" akauliza.

"Bi Tausi alimchoma dawa ya wanyama," Baba akasema. "Akaanza kula. Tukafurahi. Halafu akaanguka nyuma, miguu ikakataa."

"Alikufa amelala au amesimama?"

"Amelala. Tulimtandikia majani ya mkorosho."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilimshika sikio."

Mama aligeuza uso ukutani. Tulidhani amelala, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baadaye sana alisema, hajageuka, "Asingeugua yeye, nani angeuliza habari zangu?" Baba alisema wamemzika nyuma ya shamba. Kuna watu walitaka wamtupe, akakataa, na Padre alipita akakuta wanachimba, akavua kofia, akasimama nao mpaka walipomaliza. Hakusali kwa sauti. Hakuna aliyemuuliza alisema nini moyoni.

Tulirudi nyumbani mawingu yakianza kujikusanya. Bi Tausi na wenzake walikuwa wameshapita kijijini. Kule bondeni, alitueleza Baba, walining'iniza kwenye kichaka vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyopakwa dawa, kwa kuwa mbung'o hupenda bluu, akitua hapo anakufa. Watu wote waliokuwa wakiteremka kisimani walipimwa damu, na mbuzi na mbwa wao pia. Wanawake walikuwa na hofu. Waliokuwa hawaogopi mlima ule kwa urefu wake sasa waliuogopa kwa kitu kisichoonekana. Njiani Mama aliniambia kwa sauti ndogo kwamba anawaza maji. Hana punda, hana nguvu ya kushika hata ndoo tupu, na Daktari amemwambia aoge vizuri, apumzike, anywe maji mengi. "Mengi," alirudia, akacheka kidogo. "Yule si mtu wa mlimani."

Gari liliposimama uani hatukuona mtu. Mama akashuka, Baba amemshika upande mmoja, Bibi upande wa pili. Akasimama ghafla.

Barazani kulikuwa na ndoo. Zimepangwa ukuta mzima, kila moja imefunikwa kwa sahani au jani la mgomba. Pipa letu lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Mitungi ya jikoni imejaa. Beseni la kunawia, sufuria kubwa ya sherehe, dumu zote za Hosana, hata karai la zege la jirani, vyote maji, maji matupu, safi, yametulia, na mawingu yanaonekana ndani yake. Sijawahi kuona maji mengi hivyo juu ya mlima, si kabla, na nadhani si baada. Mama alitembea kutoka chombo kimoja hadi kingine akifunua na kufunika.

Mama Asha akatokea nyuma ya nyumba, ndoo ya mwisho bado iko kichwani, jasho linamtiririka, nyuma yake wanawake wengine wamejificha kama watoto. Alikuwa amevaa nguo nyeupe tupu, ile ya kwendea msikitini, kwa sababu waliambiwa mbung'o hapendi nyeupe.

"Mmeshuka kule?" Mama akamwuliza. "Wote?"

"Tungeyatoa wapi mengine?"

"Hamkuogopa?"

"Tuliogopa," Mama Asha akasema. Akatua ndoo. "Ingia ukaoge, Mama Hilda. Na maji usipime."

Bibi akampelekea kanga. Akaingia kwenye uzio wa makuti wa kuogea, akapelekewa ndoo nzima, na nyingine juu yake. Tulisikia kata ya kwanza ikimwagika, halafu kimya, kama mtu asiyeamini. Kisha ya pili. Kisha akainyanyua ndoo yenyewe, sijui nguvu aliipata wapi, akajimiminia yote, na sisi wote pale uani, wanawake, Baba, watoto, tukayasikiliza maji yanavyoanguka.